Gitaa la Gogo Lina Skrubu: Lifungue

Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Ramadhani, kijana wa Jang'ombe aliniletea gitaa jekundu la umeme, kalifunga kwa kanga ya mama yake. "Shikamoo fundi, hili limekufa."

Nikalichomeka kwenye ampu ya mezani. Kweli, kimya. Nikizigusa nyuzi zinatikisika vizuri, unasikia mlio mdogo wa ubaoni, lakini kwenye spika hamna kitu ila mvumo. Nikachukua bisbisi, nikaigonga pikapu, kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi, polepole: tok, tok. Spika ikajibu. Basi pikapu ni hai, waya mzima, swichi nzima. Nikavaa miwani nikazitazama nyuzi. Ulikuwa mshipi! Mshipi wa kuvulia, kaufunga nafasi zote sita, mnene juu mwembamba chini, kwa mpango mzuri kabisa, maana zile za chuma zilikatika na Darajani alizunguka hakuzipata.

Nilicheka, halafu nikaona haya. Nani aliwahi kumweleza? Gitaa kavu ukilifunga mshipi litalia, tena sisi tulivyokuwa wadogo tulifunga mshipi kwenye kopo la mafuta na likalia. Pale linalosema ni sanduku. Gitaa la umeme la mwili mzito, lisilo na tundu wala uwazi (mimi nayaita ya gogo, na mbele mtaona kuwa jina si langu peke yangu) halina sanduku la kusemea. Ndani ya pikapu mna sumaku, na sumaku imezungushiwa waya mwembamba kama unywele maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa kwenye ule waya, unakwenda kwenye ampu. Mshipi si chuma. Sumaku haiujui.

Tangu siku ile watu wananiuliza mambo ya haya magitaa, nami nachoka kurudia. Kwa hiyo naandika hapa yote ninayomwambia mtu anayekuja Mlandege kwenye kibanda changu: namna ya kulinunua, kulifungua, kulipanga na kulinda lisiliwe na chumvi. Nitawataja na waliolibuni, kwa sababu ukimjua aliyekitengeneza kitu na shida aliyokuwa akiitatua, unajua pia kitaharibikia wapi.

Kwanza mjue hivi: hawa watu walikuwa mafundi kama sisi. Ile pikapu ya sumaku ilianza Los Angeles, kwa George Beauchamp na Adolph Rickenbacker. Mfano wa kwanza ulikuwa wa mbao, mwaka 1931. Mwaka uliofuata wakaanza kuuza la alumini ya kumimina, mwili mdogo wa mviringo na shingo ndefu, watu wakaliita Kikaango. Linalazwa mapajani na kupigwa kwa chuma, mtindo wa Hawaii. Hataza yake ilitoka mwaka 1937. Pikapu tunazozifungua leo, hata za bei rahisi kabisa, ni wajukuu wa ile.

Leo Fender wa Fullerton, California, yeye ndiye mwenzangu hasa. Alikuwa fundi redio. Alisomea uhasibu, akaishia kwenye risasi na lehemu, na mpaka anafariki mwaka 1991 hakuwa akijua kupiga gitaa. Nami sijui, nyimbo mbili tu, moja ya harusi. Angalia gitaa lake la mwaka 1950, ambalo baadaye liliitwa Telecaster. Ni ubao bapa, shingo imefungwa kwa skrubu nne, na nyaya zote ziko chini ya bati moja unaloling'oa kwa skrubu mbili. Aliunda kitu kama fundi anayejua kwamba siku moja kitarudi mezani. Ndiyo maana nasema, usiogope kulifungua. Limetengenezwa lifunguliwe.

Kununua

Magitaa mengi hapa Unguja yanapatikana kwa njia tatu. Yapo yanayoachwa na wageni na wanamuziki wa mahotelini, yapo mapya ya bei rahisi kutoka Dar, na yapo yanayokuja kwenye makontena ya mitumba ya Japani pamoja na mafriji na baiskeli. Hili la tatu ndilo ninalolipenda. Wajapani walitengeneza magitaa mazuri sana, na muuza mitumba mara nyingi analiuza kama ubao tu, hajui alicho nacho. Usimwoneshe uso wa furaha.

Nenda na vitu vinne: ampu ndogo ya betri, waya wako mwenyewe, bisbisi ya nyota na tesa, kile kipimo cha umeme. Ampu ya betri kwa sababu hutapewa umeme, na hata ukipewa hujui ni umeme gani.

Lishike gitaa kama mtu anayelenga bunduki, jicho upande wa daraja (pale nyuzi zinapolalia mwilini), uitazame shingo kwa urefu. Unataka iwe imenyooka, au imepinda kidogo sana kuelekea kwenye nyuzi. Ikipinda kidogo inarekebika. Ikijipindua kama kamba, upande mmoja juu na mwingine chini, liache, hata kama rangi imekuvutia. Kisha pandisha kidole freti kwa freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) kwenye kila uzi, polepole, usiruke hata moja. Sauti ikifa mahali, au uzi ukigonga chuma kwa ukali, zihesabu freti hizo. Moja au mbili ni kazi ya tupa. Kumi ni bei ya kuteremsha, au kuondoka.

Halafu tesa. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua voliyumu yote, upime omu kwenye ncha ya pili ya waya, kati ya kijiti cha katikati na gamba la nje. Kwa pikapu iliyo hai utapata kati ya omu elfu 5 na elfu 8 hivi. Badilisha swichi, pima kila pikapu. Tesa ikikataa kabisa, kuna waya uliokatika, na ukikatikia ndani ya koili, ule waya wa mizunguko, kazi ni kubwa. Ikisoma sifuri, waya unagusana mahali, na hiyo mara nyingi ni kazi ya dakika tano kwenye jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Nilishanunua moja kwa shilingi elfu sitini kwa sababu ya sifuri hiyo. Muuzaji alidhani limekufa. Nilifika nyumbani, nikakata waya mmoja uliokuwa umelala juu ya mwenzake, likaimba.

Jina la kichwani usiliamini peke yake. Majina makubwa yanabandikwa hata kwenye vitu vya ovyo. Kwenye Gibson halisi (kampuni nyingine kubwa ya magitaa ya Marekani), kile kifuniko kidogo cha kichwani kinachoficha nati ya shingo kina skrubu mbili, na bandia nyingi zina tatu. Lakini na mwenye kughushi naye ana macho, kwa hiyo hiyo ni dalili, si ushahidi. Mimi sina ugomvi na nakala. Squier ni ya Fender wenyewe kwa bei ya chini, na Epiphone ni ya Gibson, ni halali kabisa. Kosa ni kulipa bei ya Gibson kwa ubao wa mtu asiyejulikana.

Ya Gibson yachungulie nyuma ya kichwa

Hapa inabidi nimtaje Les Paul, na lile jina la gogo. Huyu alikuwa mpiga gitaa mzuri mwenye kichwa cha fundi. Tatizo lake lilikuwa moja: gitaa lenye tumbo wazi ukilifungulia ampu kubwa, sauti ya spika inarudi tumboni, ubao unatikisika, spika inapiga mluzi. Waliowahi kusimama mbele ya spika kwenye harusi wanaujua mluzi huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, New York, aliingia kwenye kiwanda cha Epiphone siku za Jumapili, wafanyakazi wakiwa hawapo, akachukua boriti ya msonobari ya inchi 4 kwa 4, akaipachika shingo na pikapu. Ikafanya kazi. Haitikisiki, hailii mluzi, na noti inakaa muda mrefu kwa sababu ubao hauinyonyi nguvu. Ila watu walilishangaa, maana lilikuwa boriti. Akapasua gitaa la kawaida katikati, akabandika mbavu zake huku na huku ili macho yatulie. Aliliita Gogo. Mbavu zile hazina kazi yoyote ya sauti, ni nguo tu.

Alipowapelekea Gibson walimcheka. Kisha Leo Fender akaanza kuuza mbao zake, na Gibson, ambayo wakati huo iliongozwa na Ted McCarty, ikamkumbuka yule mtu wa gogo. Mwaka 1952 likatoka gitaa lenye jina lake, mgongo wa mkangazi, uso wa mbao ngumu ya mepo, rangi ya dhahabu. Na mwaka ule wa kwanza walikosea pembe ya shingo, nyuzi zikapitishwa chini ya chuma cha daraja badala ya juu, mpigaji hawezi kuulaza mkono kuzima sauti. Wakubwa nao hukosea. Hata Leo Fender, magitaa yake ya mwanzo, yaliyoitwa Esquire, hayakuwa na chuma ndani ya shingo, shingo zikapinda, ikabidi aanze kukitia.

Sasa kwa mnunuzi: kichwa cha Gibson kimelala nyuma, na shingo yake ni ya kubandikwa kwa gundi. Likianguka kwa mgongo, kichwa ndicho kinachofika chini kwanza. Nakala yangu ya Les Paul iliangukia sitaha ya boti nikitoka Dar, bahari ya kusi, begi lilikuwa jepesi na mbebaji ana haraka. Nilisikia "kak" moja, nikajua. Kwa hiyo ukiletewa gitaa la namna hii, imulike shingo kwa taa ya simu, nyuma ya kichwa, pale inapoanza kuwa nyembamba. Ufa mwembamba kama unywele unatosha. Ufa huo unatibika: gundi ya seremala iingizwe kwa sindano ya hospitali, ubanwe kwa jiriwa usiku kucha, usiguswe siku mbili. Langu linapiga mpaka leo. Lakini bei ya gitaa lililovunjika si bei ya gitaa zima, mwambie muuzaji.

La Fender kichwa kiko sambamba na shingo, na ikivunjika unafungua skrubu nne unafunga nyingine. Hilo ni wazo la fundi redio.

Kulipanga

Fanya kwa mpangilio huu, usiruke, kwa sababu kila hatua inaibadilisha inayofuata.

Anza na nyuzi mpya za chuma, saizi utakayoitumia siku zote. Tyuni kamili. Kisha shingo: bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, utazame katikati, freti ya saba au ya nane. Panatakiwa pabaki nafasi ya unene wa vocha ya simu. Nafasi ikiwa kubwa, zungusha nati ya shingo kulia, robo mzunguko tu. Uzi ukilalia freti bila nafasi, zungusha kushoto. Robo, halafu acha hadi kesho. Ubao si redio, unajibu taratibu. Ikikataa, usilazimishe, nimeona nati zimekatika mikononi mwa vijana wenye misuli.

Kisha urefu wa nyuzi. Kwenye freti ya 12 uwe milimita moja na nusu hadi mbili. Kisha daraja, na hapa ndipo watu wengi wanaponiletea gitaa wakisema "halityuniki". Piga ule mlio wa kengele juu ya freti ya 12, kidole kimegusa tu, halafu bonyeza freti hiyohiyo upige. Noti mbili ziwe sawa. Ile ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza kipande cha daraja kwenda nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lete mbele. Telecaster za kale zina vipande vitatu tu kwa nyuzi sita, jozi jozi, kwa hiyo hapo unapatanisha, huwezi kuwaridhisha wote. Gibson walitoa daraja la vipande sita mwaka 1954, na Stratocaster ya Fender ya mwaka huohuo nayo ina sita.

Hiyo Stratocaster, kwa kusema kweli, ndiyo ninayoikuta zaidi, nakala kwa nakala. Wapigaji walimlalamikia Leo kwamba kingo za Telecaster zinawachoma mbavu, basi hii ikachongwa ikakaa mwilini. Pikapu tatu, na mkono wa chuma wa kuitingisha sauti, unaovutana na springi mgongoni. Swichi ilikuwa na nafasi tatu, wapigaji wakagundua ukiisimamisha kati ya nafasi na nafasi inatoa sauti tamu, lakini nafasi tano zilikuja kiwandani mwaka 1977 tu. Kwa hali ya hewa yetu ule mkono ni msiba. Springi zikila kutu, gitaa halirudi kwenye tyuni. Kwa mtu wa taarabu au wa hotelini ninampa dawa hii: fungua kifuniko cha nyuma, kata kipande cha mbao ngumu, kisukume kati ya chuma cha springi na ukuta wa shimo hadi daraja lilale bapa na lisitikisike. Umepoteza mkono, umepata gitaa linalotyuniki usiku mzima. Anayetaka kuitelezesha noti kidogo, kama ule mtelezo wa udi ambao freti zinamnyima, auvute uzi kwa kidole.

Na penseli! Penseli ya mtoto wa skuli. Sugua risasi yake kwenye vijitaro vya kile kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo, uzi utapita bila kukwama. Ukisikia "ting" ukikaza funguo, uzi unakwama hapo, na penseli ndiyo dawa.

Mvumo, na umeme wa jenereta

Pikapu ya koili moja inasikia kila kitu, pamoja na umeme wa ukutani. Umeme wetu unabadilika mara 50 kwa sekunde, ndio ule mvumo. Geuza mwili wako pembeni, utapata upande ambao mvumo unapungua. Taa za tyubu ni adui, zima. Seth Lover wa Gibson aliutibu mvumo mwaka 1955: koili mbili ubavu kwa ubavu, sumaku zimegeuziana, na nyaya zimeunganishwa kinyume. Mvumo unaingia kote kuwili na kujifuta, sauti ya uzi inajumlika. Pikapu hizo ziliingia kwenye magitaa mwaka 1957. Ukiona pikapu pana yenye safu mbili, ndiyo hiyo. Na ukibadilisha kifaa cha voliyumu, pikapu ya koili moja inapenda ya kilo-omu 250, hii ya pili 500. Ukizichanganya haliharibiki, ila sauti itakuwa kali au imezibwa.

Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, ni sawa, mwili wako unaungana na ethi, ule waya wa ardhini. Ukigusa ukazidi, waya mbili zimepishana kwenye jeki. Zibadilishe.

Hapa sifanyi mzaha. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, kisiwa kizima kilipokosa umeme, tuliishi kwa majenereta, na nililetewa ampu zilizoungua mpaka nikakosa pa kuziweka. Wapigaji wawili walinionesha midomo iliyopigwa na maikrofoni. Jenereta ya harusi mara nyingi haina ethi. Kabla ya kuimba, weka tesa kwenye volti za umeme wa ukutani, ncha moja kwenye nyuzi za gitaa, nyingine kwenye chuma cha maikrofoni. Ikionesha zaidi ya volti chache, chomoa, mwite mwenye jenereta, harusi itasubiri.

Chumvi

Ukimaliza kupiga, pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Kanga iliyochakaa ndiyo bora. Usilitundike kwenye ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe, ukuta ule unapumua maji masika yote. Wekeni ndani ya begi vile vipakiti vinavyokuja na viatu. Kuna wanaotia karafuu. Harufu nzuri, unyevu palepale. Jeki na swichi kila miezi mitatu zipulizie dawa ya kusafishia mguso, zungusha voliyumu mara ishirini. Nusu ya magitaa "yaliyokufa" ninayoletewa yanafufukia hapo, na sitaki kusema ninatoza kiasi gani.

Wengine wananiuliza kama gitaa linaweza kuchongwa hapa hapa. Linaweza. Watalii wanapanga foleni kupiga picha za nyumba wanazooneshwa za Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, aliyezaliwa hapa mjini mwaka 1946, lakini mimi namuwaza zaidi mpiga gitaa wake, Brian May. Akiwa kijana, mwaka 1963, alianza na baba yake kuchonga gitaa nyumbani. Shingo ilitoka kwenye ubao wa meko ya zamani ya kuotea moto, springi za mkono wa kutingishia zilitoka kwenye pikipiki kuukuu, na alama za shingoni ni vifungo vya lulumizi vya sanduku la kushonea la mama yake. Amelipiga jukwaani karibu maisha yake yote.

Basi ami yangu, seremala wa milango, amenichongea mwili wa mfenesi, unene milimita 45, sawa na wa Fender. Njano kama haluwa ulipokatwa, sasa unaanza kuwa wa kahawia. Anataka kuupiga vanishi. Nimemzuia, matundu ya pikapu bado sijayatoboa, na shingo naingoja kwenye kontena lijalo.